Shani Zisizo na Herufi

Mwaka 2006 watu wa Mombasa walimiminika kumtazama jodari mmoja aliyevuliwa baharini, kwa kuwa ubavuni mwake mlionekana mistari iliyosomeka, machoni mwa waliopenda kuisoma, kama maneno ya Kiarabu yanayomsifu Mwenyezi Mungu kwa ukarimu wake wa kuwaruzuku waja. Habari ya namna hiyo haikuwa ngeni katika pwani yetu, kwani tangu zama za babu zetu husimuliwa kisa cha samaki wa matumbawe aliyetolewa sokoni Unguja akiwa na hati kama hiyo mkiani, akaanza kunadiwa kwa bei ya samaki wa kitoweo, na mara mwenye macho makali alipoitambua hati yenyewe, bei ikapanda kupita kiasi cha samaki yeyote aliyepata kuuzwa siku hiyo.

Sina nia ya kuwacheka waliokwenda kutazama. Mtu aliyeacha shughuli yake, akajipenyeza katika msongamano ili aione dalili ya Mola wake japo juu ya ngozi ya samaki, ana kiu ya haki, na kiu si jambo la kufanyiwa dhihaka. Linalonishughulisha ni wale samaki wengine waliolala juu ya meza za sokoni: changu, tasi, kolekole, na fungu la dagaa pembeni, ambao kila mmoja alikuwa na mashavu ya kuivuta hewa kutoka ndani ya maji, na mstari mwembamba ubavuni wa kumjulisha mtikisiko wa adui gizani, wala hawakupata jicho ila la mtu aliyeuliza bei na kulalamika kwamba ni ghali. Sijapata kusikia hata mara moja kwamba mji ulifunga maduka yake kwenda kumstaajabia dagaa.

Na yule samaki wa matumbawe mwenyewe, ambaye wataalamu wa elimu ya viumbe humwita Pomacanthus semicirculatus, anayo shani kubwa kuliko hati ya mkiani. Akiwa mchanga huwa na rangi ya buluu iliyoiva hata ikakaribia weusi, na juu ya buluu hiyo mistari myeupe iliyopinda nusu duara. Urefu wake usipofika sentimita 2, mistari hiyo huwa 3 tu. Akifika sentimita 4 hivi, wakati ambapo mwili umekua na nafasi baina ya mstari na mstari imepanuka, mistari mipya huchipuka katikati ya ile ya kwanza, na nafasi hurudi kuwa kama ilivyokuwa awali, kana kwamba kuna aliyepima. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Kijapani, Shigeru Kondo na Rihito Asai, walionyesha kwamba mwendo huo unaafikiana na hesabu aliyoiandika Mwingereza Alan Turing mwaka 1952, ya kuwa vitu viwili vinavyoenea mwilini, kimoja kikichochea na kingine kikizuia, vikitofautiana katika kasi ya kuenea kwao, vyaweza vyenyewe kupanga mistari na madoa katika ngozi ambayo hapo kwanza haikuwa na alama yoyote. Kwa hiyo ngozi ya samaki yule ilikuwa imeandikwa kweli, tena imeandikwa pande zote, lakini kwa kuwa maandishi yake yalikuwa ya hesabu wala hayakusomeka kwa alifu na be, hayakumpandishia bei.

Jambo hili lilitambuliwa zamani sana na Mwafrika wa kaskazini, Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akafa mwaka 430 akiwa askofu wa mji wa Hippo. Akiwafafanulia watu habari ya Yesu kuwalisha wanaume 5,000 kwa mikate 5 na samaki 2, aliwakumbusha kwamba kuuendesha ulimwengu wote ni kazi kubwa kuliko kuushibisha umati mmoja jioni moja, na kwamba yule aliyeizidisha mikate ndiye azidishaye punje chache zikawa shamba zima kila msimu. Ila ile kazi ya mara moja watu huistaajabia na hii ya kila mwaka huipita, si kwa kuwa ya kwanza ni kubwa zaidi, bali kwa kuwa ni nadra. Nimesoma maelezo marefu ya wanazuoni wa dini mbalimbali juu ya mazoea yanavyompofusha mwanadamu, na sijaona neno lililokwenda moja kwa moja kwenye kiini kama hilo.

Lakini yafaa tujihadhari na kosa la upande wa pili, yaani kudhani kwamba ajabu ni jina jingine la ujinga, na kwamba kila sababu inapojulikana Mungu hurudi nyuma hatua moja. Katika historia ya Uislamu kuna siku iliyolikata shauri hili. Mtume Muhammad alifiwa Madina na mwanawe Ibrahim, mtoto wa Bibi Maria wa Misri, aliyekuwa hajatimiza hata miaka 2. Na siku hiyo jua likapatwa. Wanafalaki wamehesabu kuwa ilikuwa tarehe 27 Januari 632. Watu, kwa mapenzi yao na huzuni yao, wakasema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya msiba wa Mtume. Fikiri jinsi neno hilo lilivyokuwa tamu kwa baba aliyefiwa, na jinsi lilivyoweza kuzidisha heshima yake mbele ya kaumu iliyokuwa tayari kuliamini. Yeye akalikataa. Akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, akawasimamisha watu katika sala. Katika tendo hilo moja ajabu ya uongo iliondolewa na ajabu ya kweli ikabakia mahali pake, na waumini wakabakiwa na sala ya kupatwa kwa jua inayosaliwa hata leo.

Tarehe 1 Septemba 2016, mwezi ulipolifunika jua likabaki duara jembamba la mwanga, wageni wengi na wenyeji walikusanyika Rujewa, katika Mkoa wa Mbeya, kusini mwa Tanzania, kwa kuwa hapo ndipo tukio lilipoonekana vizuri. Dakika yake ilikuwa imehesabiwa miaka mingi kabla, na magazeti yalikwisha kuitangaza. Hata hivyo watu walipiga ukelele. Sidhani kuna aliyesema kwamba hesabu ile ilimpunguzia furaha, na mimi naona kwamba ulimwengu unaokubali kuhesabiwa, ambao miadi yake haikosei hata dakika moja, ni shani kubwa kuliko ulimwengu wa visa na vituko.

Wala si lazima kungoja jua lipatwe. Katika mwambao wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani na vijiji vya jirani, kuna ajabu inayokuja mara mbili kila siku na ambayo watu wengi huitumia kama saa ya ukutani. Maji hujaa, hupwa, hujaa tena, hupwa tena. Na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50, kwa sababu mwezi nao huchelewa kwa kadiri hiyo kurudi mahali pake mbinguni. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi na dunia hukaa katika mstari mmoja, mvuto wa jua ukaungana na wa mwezi, na hapo huja bamvua, ambapo tofauti baina ya maji makuu na maji makavu hufika kama mita 4. Baina ya bamvua na bamvua huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na mvuvi asiye na subira huyalaani. Siku chache baada ya mwezi kuandama, ukisimama Jambiani asubuhi saa nne au saa tano, utaiona bahari imerudi mbali hata kwenye mwamba, na mahali palipokuwa na kina usiku uliopita pamekuwa uwanja mpana wa mchanga, vidimbwi na nyasi za bahari.

Hapo ndipo kina mama wanaposhuka. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kimeenea katika vijiji hivyo, na mkulima wake hana haja ya kalenda iliyochapwa. Huuliza leo ni mwezi ngapi, naye akaambiwa ni mwezi pili au mwezi kumi na sita, akajua saa ya kushuka kuzikaza kamba zake zilizofungwa kwenye vigingi, na saa ambayo maji yatampandisha juu apende asipende. Wengine huenda kuchokoa pweza katika mashimo ya miamba. Pweza huyo, anayeuzwa kwa uzani na kupikwa kwa nazi, ana mioyo 3, na damu yake ni ya buluu kwa kuwa inachukua hewa kwa shaba mahali pa chuma. Na jike lake, akiisha kutaga, huyakalia mayai yake pangoni akiyapepea maji, huacha kula, na hufa wakati watoto wake wanapoanguliwa. Ni mambo ambayo, kama yangalisimuliwa juu ya mnyama wa nchi ya mbali, tungalikaa barazani kuyazungumza usiku kucha.

Na maji hayo yanayomlowesha mkulima wa mwani miguu yanafanya kazi nyingine ambayo macho hayawezi kuifikia. Mwaka 1969 wanaanga wa Marekani waliofika mwezini waliacha huko vioo maalumu vya kurudisha mwanga, na wataalamu wamekuwa wakivipiga kwa miale kutoka duniani na kupima muda wa kwenda na kurudi. Wakaona kwamba mwezi unatusogea mbali kwa karibu sentimita 3.8 kila mwaka. Sababu yake ni hiyohiyo ya kujaa na kupwa: msuguano wa maji mengi yanayosukumwa huku na huku juu ya uso wa dunia unaichelewesha dunia kidogo sana katika kuzunguka kwake, na nguvu inayopungua duniani inahamia mwezini na kuusukuma nje. Mwezi unaivuta bahari, na bahari, kwa kuvutwa, inausukuma mwezi.

Wazee wetu hawakuyajua hayo ya vioo, lakini walikuwa na adabu ambayo elimu ya leo haijatupatia badala yake. Mwezi ulipoandama walisimama wakautazama, wakasoma dua. Radi ilipopiga walimsabihi Mola. Mvua ya kwanza ilipoanguka baada ya kiangazi kirefu walitoka wakaacha matone yawapige mwilini. Mtoto mzuri alipopitishwa mbele yao hawakumsifu bila kumtaja kwanza aliyemuumba. Wakristo nao wana sala ya chakula, na katika parokia nyingi za bara malimbuko ya mavuno hupelekwa altareni, ndizi na mahindi na kuku aliyefungwa miguu. Mtu mwenye haraka huyaona mambo hayo kuwa ni ada tupu za ulimi, na ni kweli kwamba ulimi waweza kusabihi huku moyo uko dukani ukihesabu faida. Hata hivyo ada hizo zilikuwa na hekima ya kumsimamisha mtu. Zilimlazimisha anyanyue uso, japo kwa muda wa pumzi moja, mbele ya kitu ambacho angalikipita.

Ulaya palikuwa na mtawa aliyeishi kwa kusimama namna hiyo. Jina lake la utawa lilikuwa Ndugu Laurent, mzaliwa wa Lorraine aliyekuwa askari katika ujana wake, kisha akaingia katika nyumba ya Wakarmeli mjini Paris, akawekwa jikoni, mahali asipopapenda, naye akatumikia huko miaka mingi akizungumza na Mungu baina ya masufuria; alikufa mwaka 1691. Alisimulia kwamba moyo wake uligeuka alipokuwa na umri wa miaka 18, wakati wa baridi, alipoutazama mti uliopukutika majani yote, akafikiri kwamba baada ya muda kidogo majani yatarudi, kisha maua, kisha matunda. Hapakuwa na sauti wala nuru. Ilikuwa mti mkavu tu, wa aina ambayo watu wa Lorraine walikuwa nayo kwa maelfu.

Sisi tunao mbuyu, unaokaa uchi miezi mingi ya ukame, ukaonekana kama umekufa. Na msimu wake ufikapo, maua yake makubwa meupe hufunguka magharibi, hutembelewa usiku na popo wanaoyachavusha, na kesho yake huwa yamenyauka. Karibu watu wote waliokua chini ya mbuyu wamekula ubuyu wake, na pengine wamekatazwa kupita chini yake usiku kwa hofu ya mashetani. Walioliona ua lake likifunguka ni wachache sana. Naona ni bahati mbaya kwamba tumewapa majini saa ileile ambayo mti unafanya kazi yake njema kuliko zote.

Lakini mandhari nzuri ni rahisi kuisifu. Bahari, mwezi na ua la mbuyu havimgombezi mtu, na msomaji mwenye busara amekwisha kujiuliza itakuwaje kwa viumbe visivyopendeza. Imamu Ghazali wa Tus, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini kimesomwa na masheikh wa pwani yetu vizazi na vizazi, hakulikwepa swali hilo. Katika mlango wake wa tafakuri, baada ya kuonya kwamba akili ya mja itafakari kazi za Mungu wala isijitie katika kuitafakari dhati yake, alimchukua mbu. Akaonyesha jinsi mdudu huyo mdogo alivyopewa umbo linalofanana na la tembo, pamoja na mkonga wake wa kufyonzea, na juu yake akaongezewa mabawa ambayo tembo hana.

Ghazali hakuwa na darubini. Angalikuwa nayo, mlango wake ungalikuwa mrefu zaidi. Mkonga ule si sindano moja bali ni fungu la sindano 6, baadhi za kukata ngozi, baadhi za kuipanua, moja ya kutia mate yanayozuia damu isigande, na moja ya kufyonza. Mwenye kuuma ni jike peke yake, kwa kuwa anaitaka damu kwa ajili ya mayai yake, na humpata mtu gizani kwa kuifuata hewa anayoipumua. Mtu aliyelala bila chandarua hupigiwa zumari sikioni na kiumbe ambacho mafundi wote wa duniani hawajaweza kukiunda.

Na kiumbe hicho ni muuaji. Wengi wa wanaouawa na malaria ni watoto wa Afrika walio chini ya umri wa miaka 5, na mama aliyemzika mtoto hataki kuambiwa habari ya sindano 6. Yeyote anayehubiri uwepo wa Mungu katika shani za kila siku, kisha akamruka mbu akaenda moja kwa moja kwa kipepeo, simwamini, hata akiwa na kauli tamu.

Katika Kitabu cha Ayubu, nabii ambaye Waislamu na Wakristo wote wanamjua kwa subira yake, mgonjwa aliyepoteza watoto na mali anadai aelezwe sababu, na jibu analopewa kutoka katika upepo wa dhoruba si maelezo hata kidogo. Anatembezwa. Anaonyeshwa mbuni anayeyaacha mayai yake mchangani, tai anayejenga juu ya jabali, farasi wa vita, na mvua inayonyesha katika nyika isiyokaliwa na mtu, yaani rehema isiyo na habari na mwanadamu. Wako wasomaji wasioridhika na jibu hilo, na siku nyingine mimi ni mmoja wao. Lakini naona kwamba mwandishi wa zamani yule alikuwa mkweli kuliko sisi, kwa kuwa hakujaribu kuyafanya maumivu yawe somo.

Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad katika India, tabibu wa jeshi aitwaye Ronald Ross alikuwa ameinamia darubini katika joto kali, akimpasua mbu mmoja aliyemnyonya mgonjwa wa malaria, akaona tumboni mwake chembe ambazo hakupata kuziona kabla, zenye rangi nyeusi ileile ya vijidudu vya ugonjwa. Ndiyo ilikuwa hatua kubwa ya kuthibitisha kwamba mbu ndiye mchukuzi, na mwaka 1902 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Muda si mrefu baada ya kuona alichokiona alitunga beti za kumshukuru Mungu. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi: mtu anamsifu Mola wake kwa kilichokuwamo ndani ya tumbo la mbu, tena kitu chenyewe ni mauti ya mamilioni ya watu, na sifa yake ni ya kweli, kwa sababu amekitazama kitu hicho kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake.

Baada yake wakaja wengine wengi, wa vyandarua, wa dawa za majani ya pakanga, wa chanjo. Kutoka siku ile ya Secunderabad hata Septemba 2019, watoto wa magharibi mwa Kenya walipoanza kuchanjwa katika majaribio yaliyofanywa pia Malawi na Ghana, ilipita miaka 122 ya watu kumkodolea macho mdudu ambaye kila mtu mwingine alimpiga kofi na kumsahau. Baadhi yao walikuwa wacha Mungu, na baadhi yao, kwa kadiri wanavyojulikana wasomi wa aina hiyo, waliifanya kazi hiyo maisha yao yote pasipo kulitaja jina lake hata mara moja. Wala mimi sioni kwamba kwa kutolitaja walikuwa mbali naye kuliko sisi tuliosongamana sokoni.